Kuhamishia picha na nyaraka za maktaba ya chuo kwenye kompyuta: mwongozo kamili kutoka Tabora

Maktaba ya chuo ikipata fedha kidogo za mradi wa kidijitali, cha kwanza kununuliwa huwa skana. Kisha mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo hukabidhiwa boksi la picha na kuambiwa "skani hizi". Muhula unaisha, mwanafunzi anaondoka, na maktaba inabaki na diski yenye mafaili elfu kadhaa yanayoitwa IMG_0001, IMG_0002, bila mtu wa kusema nani ni nani. Na boksi lenyewe limerudi kabatini likiwa limevurugwa.

Mwongozo huu ni kwa mkutubi wa chuo cha Tabora au Kigoma mwenye chumba kimoja, wasaidizi wawili au watatu, umeme unaokatika, na makusanyo ya aina tunayoikuta mikoa hii: picha za misheni na za shule, albamu zilizotolewa na familia, ripoti zilizopigwa taipu, magazeti, vitabu vilivyochapwa TMP (Tanganyika Mission Press) Kipalapala, madaftari ya vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, pengine na barua za hati ya Kiarabu kutoka Ujiji au Unyanyembe. Nitakaa zaidi kwenye utambuzi wa picha kuliko kwenye mashine. Skana unaweza kuinunua mwakani. Mzee wa mtaa wa Ng'ambo anayemjua yule aliyesimama wa tatu kutoka kushoto ana miaka themanini na mitano.

1. Amua kwanza nini hakiskaniwi

Pita rafu kwa rafu ukiuliza maswali matatu. Je, kitu hiki kinapatikana mahali pengine? Je, kinaharibika? Je, kuna anayekiulizia? Kitabu cha kiada kilichopo kila maktaba ya nchi kiache. Tasnifu ya miaka ya karibuni usiiskani pia; mwandishi wake ana faili lake, mpigie simu alilete. Daftari la chama cha msingi lililoandikwa kwa mkono, ambalo ni hilo moja tu duniani, ndilo la kuanza nalo.

Hapo hapo shughulikia haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mwandishi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kutengeneza nakala ya kuhifadhi na kuiweka kazi hiyo mtandaoni kila mtu aione ni mambo mawili, usiyachanganye; ukiwa na shaka, andikia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla, si baada. Majalada ya wanafunzi, kumbukumbu za zahanati na barua za watu walio hai yanaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukikuta jalada la serikali lililopotelea kwenye kabati lako, wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Na familia inayokupa albamu isaini karatasi moja inayosema wazi: mnaruhusiwa kuhifadhi, mnaruhusiwa kuonyesha maktabani, mnaruhusiwa au hamruhusiwi kuweka mtandaoni. Makubaliano ya mdomo hufa pamoja na aliyeyatoa, kisha wajukuu huja na maswali.

2. Orodhesha, safisha, tenga wagonjwa

Kabla ya kugusa mpangilio, piga picha ya boksi kwa simu jinsi lilivyo. Mpangilio wa asili una habari ndani yake: picha isiyo na maandishi iliyokaa kati ya mbili zenye tarehe imeshakupa fununu. Kisha kila boksi, kila jalada na kila kipande vipewe namba. Namba ya picha huandikwa nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, na picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino haitumiki kabisa. Wino huhamia kwenye uso wa picha ya jirani.

Vumbi jekundu la kiangazi, Juni hadi Oktoba, ni laini na huingia hata kwenye bahasha. Lipanguse kwa brashi laini na kavu, kuanzia katikati kwenda nje, na kazi hiyo ifanyikie mbali na chumba cha skana. Pini na stepla zenye kutu usizivute. Nyanyua miguu yake kwa kitu bapa. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa na kukaushwa inafaa kuliko glavu za pamba, ambazo hukwaruza na kuchana kingo. Kwa picha na negativu (filamu au kioo ambacho picha huchapwa kutokana nacho) vaa glavu za nitrile, zile za mpira za hospitali.

Mvua za Novemba hadi Aprili huleta ukungu. Chenye ukungu kitengwe siku hiyo hiyo, kikaushwe kivulini penye hewa inayopita, na anayekishika avae barakoa. Usianike juani: karatasi hujikunja na picha hupauka. Rafu ziwe juu ya sakafu na zisiguse ukuta, maana mchwa wa huku hupanda kimya kimya.

Negativu zinataka pua. Zikinuka siki, plastiki yake imeanza kuoza, na hizo ziskaniwe mapema kuliko zote. Filamu za kabla ya 1951 hivi zinaweza kuwa za nitrati, ambayo huwaka kwa kasi na haizimiki kirahisi; zitoe kwenye jengo la vitabu, ziweke penye baridi na hewa, na utafute mtaalamu kabla ya kuzikaribia na taa. Negativu za vioo shika kingoni, zisimamishe wima, usizirundike.

Albamu usiibandue. Piga ukurasa mzima kwanza, kisha kila picha peke yake.

3. Utambuzi: kazi inayobeba mradi mzima

Chapisha nakala za karatasi za picha zisizo na maelezo, hata kwa ubora wa simu, kila moja ikiwa na namba yake kubwa. Nakala hizi ndizo zinazotembea mtaani; picha halisi haitoki maktabani. Halafu nenda kwa wazee: walimu wastaafu, makatekista, maimamu, waliokuwa wafanyakazi wa reli, wake wa watemi wa zamani na watoto wao. Wapelekee salamu kupitia mtu wanayemfahamu. Baada ya shikamoo kaa, habari za nyumbani ziishe, ndipo utoe bahasha.

Swali liulizwe wazi. Ukisema, "Mzee, hapa si Kipalapala?" atakujibu ndiyo, kwa heshima tu, hasa akiona umetoka chuoni na una karatasi. Sema, "Mzee, hapa unapaonaje?" kisha nyamaza. Rekodi sauti kwa simu kwa idhini yake, na taja namba ya picha kwa sauti kila mnapohamia nyingine, la sivyo baadaye utasikiliza saa nzima ya "huyu ni mdogo wake yule" bila kujua yule ni nani. Picha ile ile mpelekee mtu wa pili peke yake, si katika kikao kimoja, maana mbele ya mkubwa mdogo hatapinga. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili na nani alisema lipi. Kazi yako ni kuandika, si kutoa hukumu.

Picha yenyewe nayo hutoa ushahidi, ukijua tarehe chache za mahali. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo picha yenye stesheni au reli haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Askari wa Kibelgiji Tabora ni kuanzia Septemba 1916. Jina Tanganyika kwenye muhuri au bango, likiwa la nchi na si la ziwa, linakuweka 1920 au baadaye. Tanzania, kuanzia Oktoba 1964. Bango la TANU ni kati ya 1954 na 1977, la CCM ni baada ya 5 Februari 1977. Kwa Kigoma, meli husaidia sana: Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Ukikuta picha iliyoandikwa nyuma "Liemba, 1920", jua mwandishi alikisia, kwa kuwa mwaka huo meli ilikuwa bado haijapewa jina hilo.

Hata hivyo maandishi hayo ya nyuma usiyafute wala kuyasahihisha. Nakili kama yalivyo, pamoja na makosa yake na pamoja na maneno ya dharau ambayo baadhi ya wapiga picha wa kikoloni waliwaandikia watu wetu. Yana uga wake, yaani sehemu yake kwenye rekodi. Maelezo yako wewe, kwa lugha ya heshima, yana uga mwingine. Majina ya mahali andika la sasa na la zamani yote mawili: anayetafuta Tabora apate pia picha iliyoandikwa Kazeh, na anayetafuta Ujiji apate Udjidji.

4. Majina ya mafaili

Jina fupi, lisilo na nafasi, lisilo na alama ya ritifaa, lenye sufuri za kutosha mbele ili kompyuta ilipange vizuri. Kwa mfano TBR-P-003-0147-a.tif: Tabora, picha, boksi la tatu, kipande cha 147, upande wa mbele. Herufi b ni nyuma, na nyuma hupigwa kila penye mwandiko au muhuri. Usitie maana ndani ya jina, kama "mtemi-na-padre-1935". Kesho ikigundulika kwamba ni 1938, utalibadilisha faili, orodha na viungo vyote.

5. Vifaa

Picha na karatasi zilizo huru hutaka skana bapa. Vitabu na madaftari yaliyojalidiwa hutaka kamera iliyofungwa kwenye stendi ikitazama chini, kwa sababu kukibonyeza kitabu kwenye kioo cha skana ni kukivunja mgongo. Skana inayovuta karatasi yenyewe waachie wahasibu. Karatasi ya miaka ya thelathini ikikwama humo hutoka vipande.

Kitanda cha kitabu kitengenezwe na fundi seremala wa hapa hapa, tena mbao Tabora si tatizo: mbao mbili zenye umbo la V, nyuzi kama 100, zimefunikwa kitambaa laini kisichotoa rangi. Ukurasa unashikwa na kipande cha kioo safi au na kidole cha msaidizi kilicho nje ya maandishi. Taa mbili za LED za aina moja, kila upande moja, kwa nyuzi 45, zenye alama ya CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 au zaidi. Dirisha lifungwe pazia zito. Jua letu hubadilisha rangi ya picha kila saa, na ukurasa wa asubuhi hautafanana na wa mchana.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukurasa wa A4 ukijaza fremu, ukaacha mpaka mdogo, unapata zaidi ya nukta 400 kwa inchi; inatosha. Kurasa mbili za A4 zilizofunguka pamoja zinashuka hadi 300 hivi, kiwango cha chini kinachokubalika kwa maandishi ya chapa. Weka ISO 100, kipenyo cha f/8, mwanga na rangi kwa mkono si otomatiki, na kitufe kibonyezwe kwa rimoti au kwa kuchelewesha sekunde mbili ili kamera isitikisike.

Simu ni nzuri kwa orodha na kwa kuwatembelea wazee. Faili la kudumu usilipige kwa simu. Programu zake hulainisha na kunoa picha bila kukuuliza.

6. Viwango na siku ya kazi

Maandishi: nukta 400 kwa inchi, ile inayoandikwa dpi kwenye skana. Picha za karatasi: 600, na ndogo kuliko kadi ya posta zipandishe zaidi. Negativu za milimita 35: 3000 au zaidi. Kila kitu kwa rangi ya biti 24, hata picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu hudhurungi ya karatasi, bluu ya muhuri na nyekundu ya penseli ya afisa aliyepitia ripoti ni ushahidi pia. Zima vyote vinavyojifanya kukusaidia: kunoa, kuondoa vumbi, kukata kingo. Acha mpaka mwembamba kuzunguka kipande, na mwanzoni mwa kila kundi piga kadi ya rangi yenye viraka 24 pamoja na rula.

Hifadhi faili la aina ya TIFF lisilobanwa. Hilo ndilo faili mama: halirekebishwi, halikatwi, halifunguliwi kwa ajili ya kumwonyesha mgeni. Kutokana nalo tengeneza nakala za JPEG au PDF za kusomea. Piga hesabu ya nafasi mapema. A4 moja kwa 400 na rangi kamili ni kama megabaiti 46. Kurasa 20,000 zinakaribia gigabaiti 930, na ukiweka nakala tatu ni karibu terabaiti 2.8. Wanaoomba bajeti wakiwa hawajapiga hesabu hii hurudi kuomba tena katikati ya mwaka.

Siku ya kazi iende hivi. Mmoja anatoa kipande na kusoma namba, wa pili anapiga. Jioni mtu wa tatu, ambaye hakupiga, anahesabu mafaili dhidi ya orodha yote na kufungua sehemu ya kumi kwa ukubwa wa asilimia 100 akitafuta ukungu wa lenzi, kidole, kurasa zilizorukwa. Boksi halirudi kabatini kabla ya ukaguzi huo.

Umeme: UPS (betri ya akiba) kwa kompyuta na skana, na ikiwezekana tumieni kompyuta mpakato ambayo betri yake bado nzima. Usiskani moja kwa moja kwenye diski ya nje; ukikatika katikati unaweza kupoteza zaidi ya faili moja. Skani kwenye kompyuta, hamisha mwisho wa kipindi. Radi zikianza, chomoa nyaya ukutani, ukikumbuka na waya wa mtandao.

7. Kuyafanya maandishi yatafutike

Kwa maandishi ya chapa tumia OCR, yaani programu inayosoma herufi kwenye picha na kuzigeuza maandishi ya kompyuta. Tesseract ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ina moduli ya Kiswahili. Ichague, kwani ukiiachia ya Kiingereza itakubadilishia maneno. Kwa herufi za zamani za Kijerumani ina moduli ya Fraktur.

Tatizo sugu ni ng'. Programu huweka ritifaa iliyonyooka mara moja, iliyopinda mara nyingine, mara nyingine hakuna kitu. Anayetafuta Ng'ambo au ng'ombe hapati nusu ya kurasa. Baada ya OCR, badilisha alama zote ziwe za aina moja kwenye mafaili ya maandishi. Vitabu vya kabla ya tahajia sanifu ya miaka ya 1930 vina "khabari" na wenzake. Usisanifishe matini, ongeza tu neno la sasa kwenye maneno ya utafutaji.

Magazeti sahihisha vichwa vya habari tu, mwili wa habari uache ulivyo. Mwandiko wa mkono na barua za hati ya Kiarabu, OCR usiitegemee. Mtafute mwalimu wa madrasa au mzee anayesoma hati hizo za Kiswahili, alipwe kwa ukurasa, na jina lake liandikwe kama msomaji.

8. Rekodi

Tumia viini 15 vya Dublin Core (orodha ya kimataifa ya sehemu za rekodi, kama kichwa na tarehe), lakini anza kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, mstari mmoja kwa kipande. Mfano wa kutungwa:

Namba: TBR-P-003-0147
Kichwa: Wanafunzi na mwalimu mbele ya darasa
Maandishi ya asili: "Std IV Tabora" (nyuma, penseli)
Tarehe: kati ya 1954 na 1961, kwa bango la TANU na maelezo ya msimulizi
Watu: wa pili kutoka kulia ametajwa na wasimulizi wawili, wengine hawajatambuliwa
Mtoaji: familia, karatasi ya idhini namba 12
Matumizi: maktabani tu

Ukiwa na mtu wa TEHAMA na seva, jedwali hili litaingia DSpace, programu ya maktaba ya kidijitali. Usipokuwa naye, Greenstone, iliyotoka Chuo Kikuu cha Waikato huko New Zealand, inafanya kazi hata kwenye kompyuta moja isiyo na mtandao. Kwa maonyesho ya picha Omeka ni nyepesi. Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza folda zilizopangwa na jedwali safi vinatosha.

9. Kuhifadhi

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo na ikiwezekana nje ya mkoa. Flashi si hifadhi. Mashine yenye mafaili mama isichomekwe flashi ya mwanafunzi hata kwa dakika moja; virusi vya vyuoni tunavijua. Kila faili litengenezewe alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka faili lenyewe) siku linapozaliwa, na mara mbili kwa mwaka programu ilinganishe: alama ikibadilika, faili limeharibika, lirejeshe kutoka nakala nyingine. Diski za nje zibadilishwe kila miaka mitano hivi, hata kama bado zinazunguka.

10. Kuwafikishia watu

Mtandaoni weka JPEG yenye upande mrefu wa pikseli 1500 hadi 2000. Wengi watafungua kwa simu na bando la kupima. Kila aliyetambua picha apelekewe nakala ya karatasi, safi, yenye namba na majina aliyoyatoa.

Zipo picha za kuzuia ingawa haki unazo: wagonjwa wa ukoma waliopigwa bila kuulizwa, wafungwa, maiti, watu waliovuliwa nguo ili wapimwe. Hizo ziskani, zieleze, zifungie. Anayezihitaji kwa utafiti aandike barua na kamati ya maktaba iamue. Na kwenye kila ukurasa wa picha weka anwani ya maktaba na sentensi moja: ukimtambua mtu hapa, au ukitaka picha hii iondolewe, tuandikie. Ombi la kuondoa likija kutoka kwa familia, ishushe picha siku hiyo hiyo, kisha ndipo mzungumze.